Siku moja maishani mwangu: kuutikisa uamuzi, Pemba

Saa 1 asubuhi, Chake Chake. Chai na mkate wa ajemi, kompyuta mkobani. Swali la leo: kiwanda cha barafu ya samaki kijengwe Tumbe, Wesha au Mkoani? Majibu yote ni maoni ya watu.

Saa 3, sokoni Tumbe. Natumia njia ya Thomas Saaty wa Marekani, ya miaka ya 1970: unataja vigezo viwili viwili, mtu anasema kipi kizito na kwa kiasi gani, 1 (sawa) hadi 9 (kizito mno). Wavuvi wamemwachia mzee wao aseme. Anajibu huku akipara changu. Ukaribu na wavuvi dhidi ya maji na umeme: 3. Maji na umeme dhidi ya barabara: 3. Ukaribu dhidi ya barabara: 2.

Napiga hesabu papo hapo. Mkanganyiko, yaani kiasi majibu yake yanavyopingana yenyewe kwa yenyewe, ni 0.22, na mwisho unaokubalika ni 0.10.

"Mzee wangu, ukaribu umeyashinda maji, maji yameishinda barabara. Vipi tena barabara iukaribie ukaribu?"

Anacheka, anapangusa kisu. "Basi andika 5, mwanangu. Barafu bila samaki ya nini?"

Mkanganyiko sasa 0.03. Hesabu nyoofu ingetaka 9, lakini simlishi maneno.

Saa 7: sala, wali, gari ya kurudi.

Saa 9, ofisini. Uzito: ukaribu 0.64, maji na umeme 0.26, barabara 0.10. Alama za jumla (alama ya eneo kwa kila kigezo mara uzito wake, zikajumlishwa): Tumbe 0.39, Wesha 0.37, Mkoani 0.24. Wengi hufunga faili hapa. Mimi naushusha uzito wa ukaribu kidogo kidogo, kinachopungua nawagawia wenzake kwa uwiano uleule. 0.62, Tumbe. 0.61, Tumbe. Chini ya 0.60, Wesha! Mzee angesema 2 badala ya ile 3 ya kwanza, uzito ungekuwa 0.58 na mshindi angegeuka, na kipimo cha mkanganyiko kingempitisha vilevile. Mkoani haiongozi hata nifanyeje, maana Wesha inaizidi katika kila kigezo.

Saa 11 jioni, bosi kwenye simu: "Nipe jina moja."

Namwambia Mkoani itoke, Tumbe na Wesha zimeshikana. Alama ya maji ya Tumbe ni ya kukisia tu, kikapimwe kisima kwanza. Ananung'unika kwamba wakubwa hawapendi "huenda", kisha anauliza pampu ya kupimia tutaazima wapi.