Nilivyotenganisha mbuzi wangu na tandala wa Swagaswaga

Kijiji chetu kiko wilaya ya Chemba, upande unaopakana na Pori la Akiba la Swagaswaga. Kati ya zizi langu na pori kuna korongo ambalo kiangazi hubaki mchanga mtupu, na humo mchangani ndimo tunamochimba visima. Asubuhi tunachota sisi, mchana wananyweshwa mbuzi, usiku wanakuja tandala. Nikiwahi alfajiri nakuta kwato zao zimekanyaga juu ya kwato za mbuzi wangu. Miaka yote niliziona alama hizo nikafurahi tu kwamba wapo.

Mwezi wa nane 2021 nilinunua mbuzi 6 mnadani. Mmoja alikuwa anatoka machozi, nikadhani ni vumbi la safari. Jioni ile ile nikawaingiza zizini pamoja na wangu 23. Kosa langu lilikuwa hilo, na lilinigharimu. Haikupita wiki mbili, mbuzi wakaanza kuinamisha vichwa na kuacha kula. Kamasi nzito iliziba pua ikakauka kama gamba. Nilipomfungua mdomo jike langu kubwa, ulimi na fizi vilikuwa vimefunikwa na kitu kama pumba zilizolowa, na harufu yake sijaisahau. Kisha wakaharisha. Mbuzi 14 walikufa, na majike mawili yaliyopona yalitupa mimba.

Afisa mifugo wa kata alifika na pikipiki, akatazama midomo, akaniambia, "Pole sana dada. Dalili zote hizi ni za sotoka ya mbuzi na kondoo." Akaniambia inavyoambukiza: mate, kamasi, machozi, kinyesi, na pumzi ya mnyama aliye karibu. Mimi mawazo yalikuwa yameshakimbilia korongoni. Nikamuuliza, "Na wale wanaokunywa usiku?"

Hakunificha. Alisema sotoka hii ilithibitishwa nchini mwetu mwaka 2008, upande wa Ngorongoro, na baadaye nyati na swala wa huko walipopimwa damu ilionekana wamewahi kukutana na kirusi chake. Akanisimulia Mongolia, ambako ugonjwa uliingia kwa mifugo na kuanzia mwisho wa 2016 ukaua swala wa nyika waitwao saiga kwa maelfu. Halafu akanieleza habari za kulungu wa Marekani, wale wenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya. Wao wana ugonjwa unaowakondesha na kula ubongo wao mpaka wafe. Mara ya kwanza ulionekana mwaka 1967 kwenye mazizi ya utafiti huko Colorado. Tangu hapo umekutwa kwa kulungu wa kufugwa na wa porini pia, na biashara ya kuhamisha wa kufugwa imeubeba mbali: Korea Kusini iliupata kupitia wanyama walioletwa kutoka Kanada. Wa ndani na wa nje hunusana puani kwenye waya, ndiyo maana wataalamu wa kule hushauri uzio wa pili. Kinacholeta ugonjwa huo ni protini iliyoharibika, si kirusi wala bakteria. Hukaa udongoni miaka na miaka, na hauna dawa wala chanjo.

Usiku huo sikulala vizuri. Wenzetu wale wanapigana na kitu ambacho hata mchanga unakihifadhi. Kirusi cha sotoka, kikitoka mwilini mwa mnyama, jua letu hili hukimaliza upesi. Na chanjo ipo, dozi moja humkinga mbuzi si chini ya miaka 3. Niliona aibu kwamba kitu kinachozuilika kilitoka zizini kwangu, kikafika kwenye kisima ambacho mnyama wa Mungu hana pa kukikwepa.

Nilianza na yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wangu. Nilichimba kisima kingine upande wa kijiji, nikakizungushia miiba, maji yakawa yanachotwa kwa ndoo na kumiminwa kwenye hori la saruji. Mbuzi wanakunywa hapo tu. Kile cha zamani tukawaachia tandala. Jiwe la chumvi nililokuwa nimelifunga kwenye mkwaju karibu na pori nikalileta zizini, maana swala nao walikuwa wanalilamba. Nikaongeza duara la pili la miiba kuzunguka boma, hatua kama tatu kutoka lile la kwanza. Na mbuzi yeyote mgeni sasa anakaa peke yake siku 21, ana hori lake, na mtoto anayemlisha haingii kwa wengine kabla hajanawa.

Chanjo ndiyo iliyonitoa jasho. Chupa moja ni ya mbuzi 100. Ikishachanganywa na maji yake ni ya kutumia muda ule ule, inayobaki inamwagwa. Mimi nilibaki na mbuzi 15. Kwa hiyo ilinibidi nipite nyumba kwa nyumba kuomba mbuzi za watu. Wengine walikubali upesi kwa sababu walikuwa wameona mizoga yangu ikifukiwa. Mzee mmoja mwenye mbuzi zaidi ya 40 alikataa. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo sindano nimesikia inatupa mimba." Nilimwambia kwamba kilichotupa mimba za mbuzi wangu ni ugonjwa wenyewe, na nikamwomba aje aone. Akaja, akatazama zizi lililobaki nusu, hakusema neno.

Siku ya pili nilikwenda kwake. Sebuleni ana pembe ndefu ya tandala, imejisokota, inang'aa kwa kushikwa. Babu yake alikuwa akiipuliza kuita watu kukiwa na msiba. Nikamweleza habari za korongo na kamasi kisimani. Akaishusha pembe, akaifuta vumbi kwa kiganja, akasema, "Lete hiyo sindano. Hawa walikuwepo kabla yetu." Aliyewahi kupanda kwenye michoro ya miambani Kolo anajua alichomaanisha: mkono wa zamani sana uliwachora wanyama hawa huko.

Barafu ya kutunzia chanjo tuliipata Dodoma mjini, ikaja kwenye kasha la baridi juu ya basi la asubuhi, mpwa wangu akalipokea na bodaboda. Tulianza saa 12 na nusu, kabla jua halijakaza. Mtu mmoja anashika, afisa mifugo anachoma chini ya ngozi nyuma ya bega, mimi napaka alama ya rangi mgongoni ili asirudiwe. Kufika saa 3 chupa mbili zilikuwa zimekwisha na mbuzi waliokuwa wamebaki walikuwa wachache sana. Mzee yule alisimama mlangoni mwa boma lake muda wote akihesabu kwa sauti.

Tangu siku ile sotoka haijaingia tena kwenye maboma yetu. Korongoni bado nawahi alfajiri kusoma nyayo. Za tandala zinaonekana kwenye kisima cha zamani, kubwa na ndogo zikifuatana, na za mbuzi hazipo.

Kila mwaka tunachanja waliozaliwa na walionunuliwa. Wiki ijayo ni zamu ya vitoto vilivyofikisha miezi 4. Nimeshaandikisha 87 kwenye daftari, na kesho naenda kitongoji cha pili kutafuta 13 ili chupa isimwagwe.