Tulivyokwenda Serfaus na watoto, na ususi uliokubali helmeti

Nilipotangaza kwamba tunakwenda milimani kuteleza kwa skii, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: nendeni Januari baada ya sikukuu, bei zimeshuka. Aliyesema hana mtoto wa shule. Sisi tunaishi Munich, na huku Bavaria mtoto hakosi shule kwa ajili ya matembezi. Kuna wazazi wametozwa faini, na polisi wamewahi kukagua familia viwanja vya ndege siku chache kabla ya likizo kuanza. Likizo fupi ya Februari nayo kila mtu anaigombea, Waholanzi wakiwemo, na vyumba vilivyobaki bei yake ilikaribia nauli ya kwenda Dar.

Nikageukia Pasaka. Mwaka 2024 iliangukia 31 Machi, mapema kiasi. Watu wakaniambia theluji itakuwa imeyeyuka. Inategemea unapanda mpaka wapi! Kijiji cha Serfaus, jimbo la Tyrol nchini Austria, kiko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na lifti za kupandisha watelezaji za eneo lile, wanalolitumia pamoja na vijiji vya Fiss na Ladis, zinakufikisha karibu mita 2,800. Tulikuwa juu mapema asubuhi theluji ikiwa bado imekaza. Ikifika saa saba au nane mchana inageuka uji, miguu ya watoto nayo imechoka, tunashuka.

Serfaus niliichagua kwa sababu moja kubwa: magari. Mgeni anafika na gari lake hadi anapolala, anashusha mizigo, halafu gari linakaa hapo mpaka siku ya kuondoka. Chini ya barabara kuu ya kijiji kuna treni ndogo ya bure, yenye vituo vinne, inayoelea juu ya hewa inayopulizwa chini yake huku ikivutwa kwa kebo. Waliijenga mwaka 1985 ili kuondoa foleni. Ukiwa na watoto wawili, skii za watu wanne na buti ngumu kama mawe, huduma hiyo haina bei. Mdogo alitaka tuipande hata tusipokuwa na safari.

Malazi tulichukua chumba chenye jiko kwa mtu aliyekubali tuingie Jumapili. Hili litafute kwa bidii. Wengi wanapokezana vyumba Jumamosi, na siku hiyo Fernpass, barabara ya milimani tunayopitia kutoka Munich, inasimama kwa foleni. Kwa treni ungepitia Innsbruck, ushuke Landeck-Zams, uchukue basi. Kwa jumla ilitutoka kama euro elfu mbili na kitu, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye malazi na tiketi za lifti.

Sasa nywele. Hili hakuna aliyenigusia, kwa sababu walionishauri kuhusu skii hawana nywele kama zetu, na wenye nywele kama zetu waliniambia nisiende. Binti yangu wa darasa la pili alikuwa ameshasukwa kwa ajili ya Pasaka, rasta zote zimekusanyika utosini. Helmeti ya skii inatakiwa ishuke mpaka kwenye paji la uso, ukingo wake ukutane na miwani, na isicheze akitikisa kichwa. Kwenye duka la kukodisha kila tuliyojaribu iliishia kukaa juu ya lile fundo. Muuzaji akatuletea namba kubwa zaidi. Nikakataa, kwani helmeti kubwa inazunguka kichwani, na mtoto akianguka haimkingi.

Tukarudi nyumbani nikafumua. Jioni nzima. Nikamsuka upya mistari ya kulala, myembamba, yote ikielekea nyuma, bila kuongeza rasta hata moja. Ncha nikazimalizia kwa mikia miwili chini kabisa shingoni, chini ya pale helmeti inapoishia. Juu yake nikamvalisha kofia laini ya satini niliyoishona mwenyewe bila mshono mnene, maana hewa ya mlimani ni kavu na kitambaa cha ndani ya helmeti kinakwangua nywele. Tuliporudi dukani namba yake ya kawaida ikaingia. Asubuhi ya kwanza mwalimu wa skii alipitisha vidole chini ya mkanda wake wa kidevuni, akaitikisa helmeti, haikusogea, akampeleka moja kwa moja kwenye zulia la kupandia, ule mkanda unaotembea na kuwapandisha wanaoanza. Nilifurahi sana, nasema kweli.

Soksi: moja tu, ndefu, nyembamba, isiyo na mkunjo. Wanaosema vaeni mbili au tatu wanaumiza watoto; mguu unabanwa, damu haipiti vizuri na baridi inaingia haraka zaidi. Suruali ya ndani nayo iishie juu ya buti.

Na lile la mafuta ya kujikinga na jua! "Dada, mtu mweusi na krimu wapi na wapi?" Theluji inarudisha mionzi ya jua usoni, na kule juu jua ni kali kuliko bondeni. Wote tulipaka, na midomo pia. Miwani hawakuvua.

Shule ya skii lipieni mapema, ndiyo inayojaa kabla ya vyumba. Bima pia: helikopta ya uokoaji inaweza kugharimu maelfu ya euro, na bima ya kawaida ya afya ya Ujerumani haiilipii. Sisi tulijiunga na Alpenverein, chama cha wapanda milima, ambacho uanachama wake una bima ya uokoaji.

Pasipoti na kadi za ukaazi ziwekeni karibu, msizizike chini ya mizigo. Ujerumani inakagua mpaka wake na Austria tangu 2015. Tulisimamishwa tukirudi, tukaonyesha, tukapita.