Vidonge vya kupunguza mwili na chungu cha nyumbani

Kila inapokaribia miezi ya harusi hapa Tanga, mazungumzo ya kupunguza mwili huanza kusikika katika vikao vya wanawake, saluni na makundi ya simu, na hayachukui muda kugeuka biashara: vidonge katika vikopo visivyo na anwani ya mtengenezaji, majani ya chai ya kukata tumbo, unga wa kuchanganya na maji ya ndimu, vyote vikiahidi kuondoa kilo kadhaa ndani ya wiki moja. Ninaandika haya kwa sababu nawaona wanawake wa familia yangu na wa mtaani kwetu Makorora wakimaliza fedha zao na kuhatarisha mioyo yao kwa vitu hivyo, na kwa sababu ninaamini kwamba tunaitafuta tiba mahali ambapo tatizo halipo. Kidonge humezwa na mtu mmoja, tena mara nyingi kwa siri. Lakini uzito wetu, kwa sehemu kubwa, hutoka katika chungu kinachopikiwa nyumba nzima.

Nianze na vidonge, maana ndivyo vinavyodhuru haraka. Dawa halali huandikwa jina la kiambata chake, kipimo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo wengi bado tunaiita TFDA, jina lililokoma mwaka 2019. Kinachouzwa mkononi hakina hayo, na anayekinunua hajui anameza nini. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zilipozipima bidhaa za namna hii zilizotangazwa kuwa mitishamba mitupu, zimekuta mara kwa mara sibutramini ndani yake, dawa ya kuzuia hamu ya kula ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010. Iliondolewa baada ya utafiti wa watu wapatao 10,000, wengi wao wakiwa tayari na maradhi ya moyo au kisukari, kuonyesha kwamba walioitumia walipata shambulio la moyo na kiharusi zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Sibutramini hupandisha shinikizo la damu na kuongeza mapigo ya moyo, na katika umri wa miaka arobaini na kuendelea ni wangapi kati yetu wanaojua shinikizo lao likoje kabla ya kumeza kitu kama hicho?

Wifi yangu alitumia vidonge vya aina hiyo wiki chache kabla ya harusi ya mdogo wake. Moyo ulimwenda mbio, mdomo ulikauka, usingizi ulimpaa, na kila alipolalamika muuzaji alimwambia kwamba hizo ni dalili za dawa kufanya kazi. Alipopimwa shinikizo, lilikuwa limepanda kiasi kwamba daktari alimwagiza aviache siku hiyo hiyo. Jambo hili linanisikitisha kuliko mengine yote katika biashara hii: dalili ya hatari inauzwa kama ushahidi wa ubora, na mgonjwa anaambiwa avumilie.

Wala balaa hili si geni. Katika miaka ya 1930 watu wa Marekani walimeza dinitrofenoli ili wapungue, baadhi yao wakafa kwa joto la mwili lililopanda bila kuzuilika, hadi ilipopigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu mwaka 1938. Mwaka 1997 fenfluramini, dawa nyingine ya kupunguza uzito, iliondolewa kwa kuharibu vali za moyo. Mwaka 2020 lorkaserini nayo iliondolewa baada ya kuonekana uwezekano wa kuongeza saratani. Hizo mbili za mwisho zilikuwa dawa zilizotengenezwa na viwanda vinavyojulikana na kuandikwa na madaktari. Basi na tufikiri hali ya kidonge kisicho na jina.

Chai za kukata tumbo zina hila tofauti. Nyingi zina sanamaki, mmea ambao bibi zetu wa pwani waliujua vizuri na kuutumia kwa kazi yake, yaani kufungua choo, kwa siku moja au mbili tu. Anayeinywa kila siku huharisha, na mizani hushuka kwa sababu mwili umepoteza maji, wala mafuta hayajaguswa. Pamoja na maji hayo hutoka madini ya potasiamu, ambayo moyo huyahitaji ili upige kwa mpangilio. Akiacha chai, maji hurudi na kilo hurudi, naye hudhani kwamba anahitaji kipimo kikubwa zaidi.

Sitaki kusema kwamba hakuna dawa halali. Ipo orlistati, ambayo huzuia karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasifyonzwe tumboni. Lakini mafuta hayo lazima yatoke, na mtu anayeimeza huku akila wali wa nazi na samaki wa kukaanga atapata choo cha mafuta ambacho pengine hataweza kukizuia, kwa hiyo hata kidonge hicho kinamlazimisha kubadili mapishi. Zipo pia sindano za semaglutidi, ambazo katika utafiti zilipunguza kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito ndani ya wiki 68. Hayo ni mafanikio makubwa na kuna wagonjwa wanaozihitaji, chini ya daktari. Hata hivyo, washiriki walipoziacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha kama theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Dawa hizi hufanya kazi wakati zinapotumiwa, na bei yake si ya kaya zetu nyingi.

Utafiti ninaoupenda kuutaja kila mada hii inapozuka ulichapishwa Marekani mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa juu bila kufikia kisukari waligawanywa: wengine walipewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, wengine vidonge visivyo na dawa, na wengine wakasaidiwa kubadili chakula na kutembea, lengo likiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Vidonge vya metformini vilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 31. Mazoea mapya yaliupunguza kwa asilimia 58. Kwa mwanamke wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Si umbo jipya kabisa, na pengine shoga zake hawataona tofauti ndani ya dera, lakini damu yake itaiona. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha.

Sasa twende jikoni, kwani huko ndiko ninakotaka tukae. Angalieni chai ya asubuhi. Katika nyumba nyingi za hapa, mpishi hutia sukari ndani ya birika, akaimimina chai katika chupa, na kuanzia hapo hakuna anayechagua: baba mwenye kisukari, mama mwenye shinikizo na mtoto wa miaka mitano wote wanakunywa utamu uleule uliopimwa kwa mkono wa mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko vidogo sita hivi. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimekwisha kuvuka hapo kabla ya soda wala juisi kuguswa. Kwetu tulikubaliana kwamba birika lipikwe na iliki na tangawizi bila sukari, bakuli la sukari likae mezani, kila mtu ajitilie. Kwa badiliko hilo dogo, watu walianza kwa mara ya kwanza kuona wanachokitia.

Halafu mafuta na nazi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120, na mandazi, bagia na kachori hunywa vijiko vingi katika karai. Mbaazi za nazi kwa mandazi ni kifungua kinywa ambacho siwezi kukisema vibaya, kwa sababu mbaazi ni chakula bora chenye protini na nyuzinyuzi. Kinachohitaji kuangaliwa ni mandazi yenyewe na wingi wa tui. Mbaazi hupikika vizuri kwa tui la pili, na tui zito likawekwa akiba kwa siku ya Ijumaa au ya wageni. Muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha hukaa mahali pa mandazi siku nyingi za wiki. Kibua wa kuchoma kwa ndimu na pilipili hahitaji karai la mafuta. Mboga kutoka Lushoto hufika sokoni Mgandini zikiwa mbichi, mchunga na matembele tunavyo, machungwa ya Muheza tunayo, na chungwa linalotafunwa na nyama zake hushibisha kuliko juisi iliyokamuliwa na kutiwa sukari.

Tunakula sinia moja, nami ningependa tuendelee hivyo, kwa kuwa mapenzi ya nyumba hukaa hapo. Lakini katika sinia mtu hajui amekula kiasi gani, na anayewahi hushawishika kuongeza kasi. Tumeanza kupakua mboga na kachumbari ziwe nyingi, wali uwe kilima kidogo katikati, na kula kati ya magharibi na isha badala ya saa tatu au nne usiku, wakati ambapo baada ya chakula hakuna linalofuata ila kitanda. Ramadhani ina mtihani wake, kwa sababu saumu ya mchana huweza kulipwa maradufu kwa kalimati na sambusa. Tende, uji na muhogo wa kuchemsha vinatosha kufungulia.

Kuhusu mwendo sina mengi. Tanga ni tambarare na inajulikana kwa baiskeli zake, njia ya kwenda Raskazone ina upepo mzuri baada ya alfajiri, na dakika 30 kwa siku tano za wiki ndizo zile 150.

Yupo mtu ambaye lazima ashirikishwe kwa heshima, naye ni bibi. Kwa wazee wetu, mwili mkubwa ni neema, na kukonda kuna kumbukumbu chungu za njaa, kifua kikuu na miaka ya mwanzo ya ukimwi. Mama mkwe akimwona mkwe wake amepungua, atauliza, "Mwanangu, mbona umekwisha hivyo, kwani unaumwa?" na kesho yake ataongeza nazi kwa huruma. Swali lake lina akili: mtu anayekonda bila kukusudia anapaswa kupimwa, wala asipongezwe. Kwa hiyo aelezwe mapema, "Mama, tunapunguza sukari na mafuta kwa ajili ya shinikizo lako pia," na apewe yeye usimamizi wa chungu, kwa kuwa ndiye anayejua namna ya kupika mchunga ukalika.

Watoto nao wasiitwe mabonge wala kupimwa mbele ya wageni, na kamwe wasipewe vidonge wala chai za kupunguza mwili. Mtoto apewe chakula kilekile cha nyumba na nafasi ya kucheza kwa saa moja kila siku. Kwa wajawazito na wanaonyonyesha, vidonge na chai hizi ni marufuku kabisa. Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu dawa kama glibenklamidi huweza kushusha sukari mno kwa mtu ambaye sahani yake imepungua.

Na ambaye tayari anameza kitu asichokijua, akisikia maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, kizunguzungu au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, aende hospitali bila kusubiri, akibeba kopo lenyewe hata kama halina maandishi, na amwambie daktari ukweli wote bila kuona haya, ili apewe tiba inayostahili na kopo hilo liweze kufikishwa kwa TMDA.