Swali la Mama wa Bukoba

Mwaka 2001 nilikuwa kibarua wa maabara hapa Nairobi, nikatumwa kwenye baraza la Majengo, Pumwani, kusaidia kueleza matokeo ya utafiti kwa Kiswahili. Wakina mama walijaa mabenchi, soda mkononi. Walikuwa wanauza mwili, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, walikuwa wakiwafuatilia tangu miaka ya 1980.

Baadhi yao walikuwa wamekutana na Virusi Vya Ukimwi mara nyingi mno, lakini kila wakipimwa hawana. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba damu ya baadhi yao ina chembe za kinga ziitwazo CD8 zinazokitambua kirusi hicho na kuua seli iliyokwisha kuvamiwa. Hapo matumaini ya chanjo yakapanda, na mwaka huo wa baraza watu wa kwanza Nairobi walijitolea kudungwa ya majaribio.

Sasa daktari alileta habari nyingine. Wanawake 11 wa kundi lile la wasioambukizwa walikuwa wameambukizwa hatimaye, na wengi walikuwa wamepunguza kazi kabla ya hapo. Kwa waliopumzika, zile chembe zilikuwa zikififia. Yaani kinga ilionekana kudumu kwa kuchokozwa na kirusi tu. Kwenye jarida jambo hilo husomeka safi kabisa. Lisome mbele ya wenyewe uone.

Mama mmoja wa Bukoba, mtu mzima, akasimama.

"Daktari, mwezi ujao nakwenda nyumbani kumuuguza mama. Nikikaa huko mpaka mvua ziishe, nikirudi kinga imekwisha?"

"Inaweza kupungua, mama."

"Kwa hiyo nisipumzike?"

Benchi zima likacheka, yeye hakucheka. Daktari akasema hapana, hizo chembe si dhamana kwa yeyote, atumie kondomu kwa kila mteja, hata huyo wa miaka yote.

"Kondomu natumia. Mimi nauliza damu yangu."

Daktari alinitazama, kana kwamba tafsiri ndiyo ilikuwa imekwama. Kiswahili alikijua vizuri kuliko mimi.

"Bado tunachunguza," akasema mwishowe.

"Haya. Nitoeni damu kabla sijasafiri, na nikirudi mtoe tena. Ila majibu nipate mimi kwanza, kabla hamjawapelekea Wazungu."

Wenzake wakapiga makofi, na wawili wakataka nao waandikwe hivyo hivyo.