Begi la Mikono Isiyolingana

Kwetu Majengo, Mombasa, mtu anayekwenda harusi ya nje ya mji haulizwi atavaa nini. Huulizwa apeleka nini. Ndiyo maana Desemba 2022, Shangazi aliponiarifu kwamba twende sote Tanga kumuoza binti wa ndugu yake wa kunyonya, sikufikiria nguo hata kidogo. Nilifikiria sanduku lake.

Sanduku hilo ni la rangi ya damu ya mzee, lina magurudumu manne, na aliletewa na marehemu mume wake kutoka Dubai. Hukaa juu ya kabati, limefunikwa shuka, na kila mwenye safari katika ukoo wetu ameshawahi kuliazima. Shangazi analipenda. Mimi nimelishusha na kulipandisha juu ya kabati hilo tangu nikiwa msichana wa shule, kwa hivyo penzi langu lina mipaka.

Siku hizo nilikuwa nimezoea kusafiri na shanta moja tu. Kazi ilikuwa ikinipeleka Nairobi kwa treni, na pale stesheni ya Miritini abiria huamriwa waipange mizigo chini kwa mstari, wasimame pembeni, mbwa wa polisi apite akinusa. Baadaye kuna mashine, kisha tiketi, kisha ngazi. Mwenye mabegi matatu na mtoto mkononi hukiona cha mtema kuni. Mimi nilikuwa na madera mawili, kitenge, leso na mswaki, nami nilijiona nimehitimu.

Basi Shangazi akaniita. "Ndoo mwanangu, hili sanduku limegoma kufunga. Lipeleke kwa fundi, mwambie safari ni kesho kutwa."

Nikalipeleka Mwembe Tayari. Fundi ninayemzungumzia hukaa pembeni mwa barabara karibu na ofisi za mabasi, cherehani yake ya mguu chini ya mwavuli, na nyuma yake mabegi yaliyokufa yamerundikwa hadi kiunoni. Naamini hakuna mtu Mombasa ajuaye mabegi kuliko mtu kama huyu. Muuza duka hukuonyesha begi likiwa zima. Fundi hulipokea likirudi kutoka njiani, naye hujua lilipochanikia.

Alilitazama sanduku, akavuta zipu huku na huku, akatoa koleo. "Meno ni mazima," akasema. "Kilichochoka ni hiki kichwa." Akakibana kidogo upande huu, kidogo upande wa pili, akapaka mshumaa, zipu ikafunga. Nikadhani kazi imekwisha, nikatia mkono mkobani nitoe pesa.

"Mwapeleka nini Tanga?" akauliza.

Nikamtajia. Jozi za leso za bibi harusi, za mamake na za mashangazi. Halwa ya mkebe. Kachri za muhogo. Udi na chetezo chake. Achari ya maembe. Viatu vya watoto. Kisha nguo zetu wenyewe.

"Dada, mwenda Tanga ama mwahama?"

Jirani yake alikuwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu mwenye mizani ya kuning'iniza. Fundi akalipeleka sanduku likatundikwa pale, tupu kabisa. Kilo nne na kitu. Akanigeukia pasipo kucheka. "Kilo nne, na hamjatia hata leso moja. Hizi kilo nne ni za kubeba sanduku lenyewe likatembee."

Halafu akaanza kunisomesha, nami nikavuta kigoda. Magurudumu manne yanayozunguka, alisema, ni ya sakafu ya vigae. Yamechomoza nje ya mwili wa sanduku, kwa hivyo likitupwa kwenye buti la basi ndiyo yanayopokea pigo. Magurudumu mawili yaliyozama ndani hudumu zaidi. Lakini hata hayo, mkifika kwenye mchanga au kichochoro cha mawe, mtalibeba tu. Zipu ya chuma akaikataa papo hapo: hewa yetu ya chumvi huishika kutu, ukija kulifungua begi baada ya masika, limejifunga lenyewe. Ya nailoni yenye meno mapana ndiyo ya pwani. Uzi wa pamba pia hautaki kwenye mikanda, huoza kwa jasho. Akanionyesha mkanda ulioshonwa mstari mmoja, ukang'oka na kipande cha kitambaa chake, na mwingine ulioshonwa mraba wenye msalaba ndani, ambao begi lake lilikuwa limeshararuka lakini mkanda bado umeshika. Tangu siku hiyo, nikiingia duka la mabegi, sitazami rangi wala mifuko. Nautafuta huo mraba.

Mabegi yake ya kushona yalikuwa ya turubai. Aliniambia alianza kupata wateja wengi wa mifuko ya aina hiyo baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Wamama wa sokoni walitaka kitu kisichopasuka, na baada yao wakaja wasafiri.

"Mtabeba wangapi?"

"Wawili. Mimi na Shangazi."

"Shangazi akufika wapi?"

Sikumwelewa. Akasimama, akaweka kiganja kwenye bega lake. "Urefu. Akufika hapa? Hapa?"

Nikagusa chini kidogo ya bega langu. Akatoa futi ya kushonea, akanipima kutoka kwenye ngumi hadi chini, akakisia wa Shangazi, akaandika kwa chaki juu ya meza. Watu wawili wakishika mzigo mmoja na hawalingani kimo, alieleza, begi hulala upande, vitu vyote humteremkia aliye mfupi. Na aliye mfupi kwa kawaida ndiye mzee. Kwa hivyo mkono wa upande wangu angeushona mrefu, wa Shangazi mfupi, begi lining'inie sawasawa. Mimi nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani begi hununuliwa kulingana na vitu vitakavyotiwa ndani. Wazo la kupimwa begi mwilini, tena miili miwili kwa mpigo, lilikuwa geni kwangu.

Bei ilikuwa shilingi 800. Ugumu haukuwa bei. Ugumu ulikuwa kumwambia Shangazi kwamba sanduku la mumewe linabaki. Nikampigia simu, nikaanza kuzungukazunguka maneno, naye akanikata: "Sanduku la mume wangu lina kosa gani?" Fundi akaniomba simu.

"Shikamoo mama. Mimi fundi. Sanduku lako halina kosa, nimeshalitengeneza, limekuwa jipya. Lakini hilo ni sanduku la uwanja wa ndege, mama. Ukiligongesha kwenye basi utalilia. Liache nyumbani lihifadhi nguo zako, mimi nikushonee la kwenda na kurudi."

Kimya. Kisha nikasikia sauti ya Shangazi ikitoka kwenye simu: "Basi lishone lenye mfuko wa pembeni. Niweke dawa zangu za presha."

Usiku wa kuamkia safari tukatandika mkeka sebuleni. Nilikuja na shanta langu likiwa limefungwa tayari, maana mimi nilihesabu siku za kukaa. Shangazi alihesabu watu. Alikuwa na orodha kichwani, akiitaja jina kwa jina, na kila jina lilishusha kitu kwenye mkeka: huyu aliniletea maiti ya baba yako, huyu alinilaza kwake nilipougua, huyu hana neno ila mwanawe atanuna. Ukitaka kumwambia mtu wa namna hiyo asafiri mwepesi, utamwambia amfute nani?

Sikumwambia. Nililoona, na hili bado naliamini, ni kwamba yeye alikuwa mwepesi kuliko mimi. Nguo zake mwenyewe zilikuwa buibui la kuvaa njiani, madera, gauni la siku ya harusi na leso kuukuu. Leso hiyo ndiyo taulo, ndiyo shuka, ndiyo ya kujifunika ndani ya basi, na ikibidi ndiyo furushi. Kila kilichobaki kwenye mkeka kilikuwa cha watu, na kingeshuka kikifika. Vitabu vya wasafiri husema punguza vitu. Mwenye harusi hupunguza vyake, basi.

Tulipakia kwa mabishano. Leso za zawadi hazifuliwi wala hazikatwi, hupelekwa jozi nzima na wanga wake, kwa hivyo ni ngumu na hazikunjiki ndogo. Tukazisimamisha wima pande zote za begi, zikawa ukuta. Katikati ya ukuta tukaweka mkebe wa halwa. Halwa ni ndogo kwa kuitazama, ila uzito wake si wa kawaida, na ikilala mafuta yake hutafuta njia. Mkebe ukafungwa kwenye dera na kukaa wima upande wangu. Kachri ni kinyume: hazina uzito, lakini hula nafasi yote, na ukizikandamiza umepeleka unga. Hizo zikaenda juu. Achari nilitaka tuiache. Shangazi akanitazama tu, nami nikaipisha. Chetezo cha udongo kikajazwa soksi ndani na kuviringishwa leso kuukuu, akaniagiza nikikumbuke nisije nikaivuta leso njiani kwa baridi ya basi.

Alfajiri tukatoka. Kutoka mlangoni hadi tuktuk ilipoegeshwa ni kichochoro chenye mtaro wazi, mahali ambapo sanduku la damu ya mzee huwa lazima libebwe kichwani. Tukashika kila mtu mkono wake. Begi likaning'inia sawasawa kati yetu, halikumgonga Shangazi gotini hata mara moja. Alitembea akiliangalia. Tulipofika kwenye tuktuk akasema, "Huyo fundi ana mke?"

Wakati huo barabara ya Dongo Kundu ilikuwa haijakamilika, basi la Tanga likivuka Likoni. Begi likabaki kwenye buti, sisi abiria tukashuka kwa miguu na umati hadi kwenye feri. Pale nililigeuza shanta likakaa kifuani, kama afanyavyo kila mwenye akili pale kivukoni, mkono mmoja wa Shangazi ukinishika kiwiko. Sikuonea wivu mama mmoja aliyekuwa hakuuamini buti, ameteremka na masanduku yake mawili ya magurudumu. Mteremko wa kivuko uliyapa mbio, akawa anavutwa yeye. Vijana wawili wakamsaidia.

Mpakani, upande wa Horohoro, kila kitu kilishushwa kikapitishwa kwenye mashine. Tanzania nayo imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hivyo kulikuwa na abiria waliokuwa wakihamisha vitu vyao kwa haraka, mikate na nguo za ndani mbele ya watu. Ofisa akatuuliza kilichomo kwenye mkebe. Shangazi akajibu ni halwa ya Mombasa, na kama anataka kuhakikisha kijiko anacho. Akatupungia mkono tupite.

Harusi yenyewe ina habari zake, nitaziandika siku nyingine. Nikwambie ya begi tu: siku ya pili lilikuwa tupu, limekunjwa na kuwekwa chini ya godoro, kila jina kwenye orodha limeshapewa kitu chake. Moyoni nikasema tutarudi mikono ikipeperuka.

Nilikuwa sijawajua watu wa Tanga. Siku ya kuondoka walianza kuja mmoja mmoja. Mkeka wa ukindu. Samaki wakavu waliofungwa kwa gazeti. Vitumbua vya njiani. Mwisho ndugu wa kunyonya mwenyewe akatuma kijana na machungwa ya Muheza, si ya kuhesabu. Shangazi hakukataa hata kimoja, na wala haikuwezekana kukataa. Akalikunjua begi, akalikung'uta, akanipa mkono ule mrefu.

Tulipoingia Mombasa usiku, utingo alifungua buti, akavuta, begi halikuja. Akavuta tena kwa mikono miwili.

"Mama, humu mmetia mawe?"

"Machungwa," akasema Shangazi. "Chukua matano, kisha lishushe polepole. Na usilishike mkono mmoja, wabebaji wake ni wawili."

Akachukua saba.