Kamfuata mjomba wake

Mwanangu alipozaliwa hapa Wete, Pemba, wifi zangu walimfunua kanga, wakaliangalia lile paji la uso lililotokeza na nyusi zisizoonekana, wakacheka: huyu kamfuata mjomba wake. Mjomba wake ni kaka yangu mkubwa, mvuvi, na tangu udogoni watu humwita Kibogoyo. Nikacheka nao. Kumbe wamenipa jibu ambalo ningelitafuta miaka mitano.

Mwaka wa kwanza ulipita mtoto hana jino. Mwaka na nusu likachomoza moja, tena la juu, limechongoka kama la paka. Bibi yake akaingiwa na hofu. Jino la kwanza likianza juu, mtoto ni kigego, na yaliyowapata vigego wa zamani sitaki kuyaandika hapa. Tukasomewa, tukafukiza, tukanywa kombe. Sijuti, kisomo hakina hasara.

Kilichonitoa roho ni homa. Msimu wa karafuu, mimi nageuza majamvi uwani, yeye anacheza pembeni, ikifika saa saba mwili wake unaunguza kama chungu kilichotoka jikoni. Ngozi kavu, hana hata tone la jasho. Kituoni wanapima malaria, haimo, wananipa dawa ya homa, tunarudi. Baada ya safari nyingi za namna hiyo nikagundua mwenyewe: nikimmwagia maji na kumlaza chini kwenye saruji, anapoa kabla hata sijafungua chupa ya dawa. Homa gani hiyo inayotibiwa kwa kata ya maji?

Aliyelijua jambo hili hakuwa daktari wa watoto. Alikuwa wa meno, na mimi nilimfuata kwa sababu ya chuoni, kwenye kusoma Qurani. Kuitamka herufi ya Kiarabu *tha* vizuri, ncha ya ulimi lazima iguse makali ya meno ya mbele ya juu. Mwanangu hana cha kugusa: ana vijino viwili vya ncha, katikati uwazi. *Thumma* inatoka *summa*. Ustadhi alidhani ni uvivu, mtoto akawa anarudi analia. Basi nikateremka Mkoani, nikapanda boti hadi Unguja.

Yule daktari hakuanza na meno. Aliuliza, "Anatoka jasho huyu?" Akamshika nywele, nyembamba kama za mahindi machanga. Kisha akanigeukia: "Hebu mama, fungua mdomo wewe." Nina jino la pili kutoka mbele, juu kushoto, dogo, limechongoka kama punje ya karafuu kavu. Miaka yote nimelihesabu kuwa urembo. Akalitazama kwa muda, akauliza kama nina kaka.

Ugonjwa unaitwa ektodemali displasia. Ngozi, nywele, tezi za jasho na ile sehemu ngumu ya nje ya jino chanzo chake ni tabaka moja la nje la mimba changa, na meno huanza kutengenezwa mimba ikiwa na wiki kama sita tu. Katika aina hii ya kukosa jasho, hitilafu kwa kawaida iko kwenye jeni, yaani kiini cha urithi, iitwayo EDA, na jeni hiyo imekaa kwenye kromosomu X, uzi mmoja wa urithi. Mwanamke ana X mbili, ile nzima inamsitiri. Mwanamume anayo moja, na hiyo kaipata kwa mama yake. Kila mtoto wa kiume nitakayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuupata. Mume wangu akashusha pumzi. Mimi nikainama.

Usiku ule nililala na simu. Nikasoma kwamba mwaka 1875 Charles Darwin alishaandika juu ya ukoo mmoja wa Sindh, Bara Hindi, wanaume kumi katika vizazi vinne, meno yao machache mno, vipara mapema, joto likiwatesa. Mabinti zao walikuwa wazima, lakini walizaa wana wenye hali ileile. Nikawafikiria mabinti hao, nani aliwatazama usoni ukweni?

Eksirei ilionyesha meno ya utotoni sita, badala ya ishirini, na chini yao karibu patupu. Kwa hiyo hayang'olewi ovyo, maana pasipo na jino, mfupa wa taya hauinuki. Ametengenezewa meno ya bandia ya plastiki, yanayoshikilia kwenye vile vijino viwili. Yatabadilishwa kila taya linapokua. Ya kuchomeka kwenye mfupa yatasubiri mpaka amalize kukua. Skulini anakwenda na chupa ya maji na fulana ya akiba, anailowesha anaivaa. Mwalimu wake sasa anajua.

Kaka alikuja kuyaona. Ndipo nikamtazama kwa jicho jingine: maisha yake yote anavua usiku kwa karabai, mchana humtoi kivulini, na begani daima ana kikoi kilichochovywa maji. Tulisema ni mvivu wa jua.

Aliyashika meno kiganjani, akayageuzageuza kama anayekagua ndoana. Mtoto akampokonya, akayavaa, akamsomea *thumma*, ikatoka kama ya ustadhi mwenyewe.

"Summa," kaka akajaribu, akacheka, mkono mdomoni kama kawaida yake. Kisha akaniuliza, taratibu, mtoto asisikie, kama daktari yule huwatengenezea na watu wazima.