Kuhesabu sekunde 5 za mchezaji aliyekabwa kwa karibu

Kelele ninayoisikia sana kwenye viwanja vyetu vya saruji vya mpira wa kikapu hapa Mbeya ni "Hesabu, refa! Hesabu!", na mchezaji mwenyewe bado anadunda mpira. Chanzo nakijua. Vijana wanaangalia mechi za sekondari za Marekani, ambako hesabu inakwenda hata mpira ukidundwa, na umbali wao wa mkabaji ni futi 6. Sisi tunachezesha kwa sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani: anahesabiwa sekunde 5 aliyeushika mpira tu, apasi, arushe au adunde kabla hazijaisha, na mkabaji awe ndani ya mita 1.

Iliyonisumbua zaidi ni hiyo mita. Wachezaji wakiwa warefu unaiona fupi, wakiwa watoto wa shule unaiona ndefu. Dawa niliipata uwanjani: pale kona, nafasi kati ya mstari wa pointi 3 na mstari wa pembeni ni sentimita 90. Kabla ya mechi naitazama kwanza kwa karibu, kisha nasogea hatua saba au nane niitazame tena, maana wakati wa mchezo nitakuwa mbali hivyo. Mistari ikiwa imefutwa na mvua, natandaza kamba ya mita 1 chini.

Umbali peke yake hautoshi. Mkabaji awe amemwelekea mwenye mpira, amechukua nafasi yake kihalali kwa miguu yote miwili chini, na awe anakaba kweli. Aliyesimama nusu mita huku akimtazama mchezaji mwingine anayekatiza kwenda kikapuni, hanifanyi nianze kuhesabu. Lakini mshambuliaji akishika mpira na kumpa mkabaji mgongo, hesabu inakwenda kama kawaida. Mgongo si kinga.

Masharti yakitimia napunga mkono ulio mbali na wachezaji, mara moja kila sekunde, waziwazi, ili mwenye mpira ajue amebakiwa na muda gani. Moyoni nasema "mia na moja, mia na mbili". Ukisema "moja, mbili, tatu" kwenye presha ya dakika za mwisho, 5 yako inafika sekunde ya tatu. Jipime kwa saa ya simu uone.

Mkono unahesabu, macho yanabaki kwenye pengo kati ya miili miwili. Hapa ndipo marefa wachanga wanapoharibu: wanazama kwenye namba, kiwiko kinapita, kiganja kinasukuma kiuno, hawaoni. Faulo ikitokea, hesabu imekufa. Wote wawili wakiung'ang'ania mpira, hapo unatazama mshale wa mezani unaoonyesha ni zamu ya timu gani kupewa mpira.

Mkabaji akirudi nyuma kupita mita 1, nashusha mkono; akisogea tena, naanza moja. Mwenye mpira akidunda, hesabu inakatika. Akimaliza kudunda na kuushika akiwa amekabwa, moja tena.

5 ikitimia hajapasi, hajarusha, hajadunda: filimbi, kiganja wazi juu, vidole 5, kisha mwelekeo. Wapinzani wanaingiza mpira kutoka nje, mahali palipo karibu zaidi na kosa lilipotokea, isipokuwa nyuma ya ubao moja kwa moja.

Na ukigundua umechelewa kuanza, usiruke namba ili ufidie. Anza moja pale ulipoona.